Fundi, Ninunue Mashine Gani ya Santuri?

Wiki hizi barua za santuri zimekuwa nyingi kuliko za simu mbovu, sijui ni nini, labda watu wamefungua makabati ya zamani. Nimechagua tano, zilizokuwa ndefu nimezipunguza, na majina nimeacha yaleyale mliyojiita wenyewe.

*Shikamoo fundi. Babu ameniachia santuri kama arobaini, karibu zote LP, zile kubwa, na vi-45 vichache, zile ndogo, mashine yake ilishakufa zamani. Mi mwanafunzi kwa hiyo bajeti ni ya kubana. Nimeona zile za kibegi zenye spika ndani, zinapendeza na bei yake ni ndogo sana, halafu kuna Audio-Technica AT-LP60X, halafu kuna jamaa yangu anasema nijikaze nikusanye hela nichukue yenye uzito nyuma ya mkono, nikamuuliza huo uzito wa nini akabaki anacheka tu. Nina ampu ya kawaida ninayochezea simu, ina matundu ya AUX basi. Nichukue ipi?*
Mjukuu wa Santuri

Marahaba mjukuu. Jamaa yako kasema kweli, kushindwa kueleza ni jambo jingine, ngoja nimsaidie.

Santuri kila upande ina mfereji mmoja tu, mrefu, umejizungusha kutoka nje kwenda ndani, na kuta za huo mfereji zina vilima vidogo vidogo ambavyo ndo muziki wenyewe. Kitu pekee kinachogusa hivyo vilima ni ncha ya almasi ndogo kiasi kwamba kwa macho matupu huioni umbo lake. Sasa piga picha, uzito wote wa mkono wa mashine unaishia kwenye hiyo ncha, ukizidi unakwangua kuta, ukipungua sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta, na wengi hawajui kwamba wepesi uliopitiliza unaharibu santuri kuliko uzito uliozidi kidogo. Kile chuma cha duara nyuma ya mkono kazi yake ni hiyo, unakizungusha unaweka gramu zinazotakiwa na katriji yako, yaani kile kichwa kidogo mbele ya mkono kinachobeba sindano. Katriji nyingi za kawaida siku hizi zinataka kama gramu 2.

Vibegi sasa. Vingi vina katriji ya kauri, sio ya sumaku, na inakandamiza kwa gramu 5 hivi au hata zaidi, na huna pa kupunguzia kwa sababu hakuna cha kuzungusha. Spika zimo kwenye boksi lilelile na sindano, ukiongeza sauti boksi linatikisika, sindano inausikia huo mtikisiko na kuurudisha kwenye spika, zunguka hivyohivyo, besi inakuwa tope. Na sahani yake ni ndogo, LP inaning'inia pembeni kama mkeka uliozidi kitanda. Kuna wanaosema ukipiga mara moja tu santuri imekwisha, hiyo ni chumvi, haifi kwa mara moja, lakini santuri za babu zako ndo hizohizo arobaini na huzipati tena, mi nisingeziweka humo. Kama ni za kuokota za kujaribia, sawa, furahi.

AT-LP60X ni hadithi nyingine. Unabonyeza kitufe mkono unanyanyuka wenyewe, unashuka wenyewe, ikiisha unarudi wenyewe, kwa mtu anayeanza hiyo ni raha. Katriji yake ni ya sumaku, kitu cha kueleweka, na ina priampu ndani, yaani kikuza umeme mdogo wa katriji, yenye swichi nyuma, kwa hiyo itaingia kwenye AUX ya ampu yako bila kununua kingine chochote. Kasoro ni kwamba uzito umewekwa kiwandani na katriji yenyewe huwezi kuitoa ukaweka nyingine, utabadilisha sindano tu, ikichakaa unavuta ya zamani unachomeka mpya ya aina ileile. Yaani ulivyoinunua ndivyo itakavyobaki mpaka siku unayoiuza. Kama hela inaishia hapo ichukue wala usione aibu, ni mashine ya kweli.

Ila ukiweza kusubiri miezi michache, subiri. Mi nikiangalia mashine ya bei ya kawaida naangalia vitu vitatu, vingine vyote ni urembo: uzito unaorekebishika, katriji iliyofungwa kwa skrubu mbili za kawaida ambazo kati yake ni milimita 12.7 karibu kwa dunia nzima, na mkono usiocheza ukiushika kwa vidole viwili ukautikisa polepole kushoto na kulia. AT-LP120X inayo yote, ina na kasi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, na priampu ndani. Rega Planar 1 na zile za Pro-Ject ngazi ya Debut ni za kazi tu, hazina taa wala madoido, hela imeingia kwenye mkono na kwenye ekseli ya sahani. Planar 1 hata kubadilisha kasi kutoka 33 ya LP kwenda 45 unanyanyua sahani unausogeza mkanda kwa kidole, wengine inawakera, mi wala, LP zako ndo nyingi utafanya hivyo mara ngapi kwa wiki.

Utasikia pia ubishi wa mkanda na mota ya moja kwa moja. Ya mkanda ina mota pembeni inayozungusha sahani kwa mpira, mtikisiko wa mota unafia kwenye mpira, lakini mpira unalegea na miaka. Ya moja kwa moja mota iko chini ya sahani yenyewe, inakamata kasi haraka na haina cha kulegea, ndo maana madijei walizipenda, Technics SL-1200 imeanza mwaka 1972 na mpaka leo jina hilo linatengenezwa. Kwa kusikiliza nyumbani zote mbili zinafaa, usikubali mtu akukoseshe usingizi kwa hilo.

Kuhusu ampu yako, hili wengi linawapiga chenga. Katriji ya sumaku inatoa umeme mdogo mno, milivolti 4 au 5, wakati AUX inasubiri mamia ya milivolti. Halafu kuna la pili, santuri ikichongwa besi inapunguzwa makusudi na sauti nyembamba zinaongezwa, la sivyo mfereji wa besi ungekuwa mpana kiasi cha kula nafasi yote ya santuri, na kanuni ya kupunguza na kuongeza huko inaitwa RIAA, imekubalika tangu miaka ya 1950. Priampu ya fono ndo inayokuza ule umeme na kurudisha besi mahali pake. Ukichomeka mashine isiyo na priampu kwenye AUX utasikia muziki mdogo mkavu kama redio iliyofunikwa na sufuria, mashine haijaharibika, imekosa priampu tu. Na ukiwa na priampu mbili, ya ndani ya mashine na ya kwenye ampu, zikafanya kazi kwa pamoja, sauti inapasuka na inachafuka, kwa hiyo ile swichi ya nyuma iangalie kabla hujapandisha volyumu.

Ukiniuliza mi nigawe hela yako, ningenunua mashine ya kawaida yenye hivyo vitatu, hata ya mtumba kama ni nzima, halafu kilichobaki chote kiende kwenye sindano mpya. Bluetooth, USB, mfuniko wa rangi, taa za kuwakawaka, hivyo vyote havigusi santuri.

*Habari kaka. Nina mashine ya zamani ya mkanda, nzima kabisa, ila katriji iliyokuja nayo haijulikani hata jina na sindano imepinda. Nimebaki na mbili kichwani, AT-VM95E na Ortofon 2M Red. Mmoja ananiambia niruke zote niende moja kwa moja kwenye MC. Na je nafunga mwenyewe au nimpe fundi? Naogopa vile viwaya.*
Mikono Inatetemeka

Kaka, MC iache kwanza. MC ni zile ambazo koili ndo inatikisika badala ya sumaku, zinasikika vizuri sana zikiwa mahali pake, lakini nyingi zinatoa chini ya milivolti 1, zinadai priampu yenye nguvu zaidi, na sindano ikichakaa huichomoi nyumbani, inabidi katriji nzima irudi kwa mtengenezaji au ibadilishwe. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye mashine ambayo tayari imemaliza matatizo mengine yote. Wewe chukua MM, zile ambazo sumaku ndo inatikisika.

Kati ya hizo mbili hakuna mbaya, zote zina sindano ya umbo la yai, sio la duara, kwa hiyo inaingia kwenye vilima vidogo zaidi na herufi s za waimbaji hazikwaruzi sana. 2M Red inatoa milivolti 5.5 na inataka gramu 1.8. VM95E inatoa 4 na inataka 2. Red ina sauti ya mbele, ya kuchangamka, kwenye priampu ya bei ndogo nimeisikia ikiwa kali kidogo juu. VM95E imetulia zaidi. Mi ningechukua VM95E na sababu yangu sio sauti, ni sindano zake. Ule mwili mmoja wa VM95 unapokea sindano za aina zote za familia hiyo, kuna ya duara ya bei ya chini, kuna ya yai, kuna ML ambayo umbo lake linakaribia kisu kilichochongea santuri, kuna mpaka ya santuri za 78. Leo unanunua ya kawaida, mwakani ukipata hela unavuta plastiki ya mbele unachomeka ML bila kugusa skrubu wala waya, na hapo ndo utaona mashine ileile imekuwa nyingine. Ortofon nao wanaruhusu, sindano ya 2M Blue inaingia kwenye mwili wa Red, ila Bronze na Black zina mwili wao.

Kufunga funga mwenyewe. Viwaya viko vinne na rangi zake ni zilezile karibu kila mashine: nyeupe ni chanya ya kushoto, bluu ni hasi ya kushoto, nyekundu chanya ya kulia, kijani hasi ya kulia, na katriji mpya pini zake huwa zina alama za rangi hizohizo nyuma. Shika kile kibati cha mwisho wa waya kwa koleo nyembamba, usivute waya wenyewe maana unakatika pale ulipochomelewa na hapo sasa ndo utamtafuta fundi kweli. Acha kofia ya sindano ikiwa imeifunika sindano muda wote wa kufunga. Skrubu zikaze kidogo tu ziwe zinasogea, kwa sababu bado kuna kupanga.

Kupanga maana yake sindano ikae sawa na mfereji. Chukua karatasi ya kupimia, nyingi zina nukta mbili, moja iko milimita 66 kutoka katikati na nyingine 120.9, unashusha sindano kwenye nukta unaangalia kama ubavu wa katriji uko sambamba na mistari, haiko sambamba unasogeza, unaenda nukta ya pili, haiko, unarudi ya kwanza, mara ya kwanza itakula jioni nzima, mara ya pili dakika ishirini. Zikikubali zote mbili kaza skrubu, robo mzunguko huku robo kule, ukikaza moja mpaka mwisho katriji inageuka na kazi yote imepotea.

Halafu uzito. Weka antiskeiti, kile kirekebisho kidogo cha kuzuia mkono usivutwe kwenda ndani, kwenye 0, toa kofia ya sindano, zungusha chuma cha nyuma mpaka mkono uelee wenyewe hewani, usipande usishuke, kama mizani ya sokoni isiyo na kitu, na hapa shikilia kile kishikio cha mbele kwa kidole kwa sababu mkono ukielea unaweza kubembea ukagonga sahani na sindano ni uchi. Ukielea, shika chuma kisizunguke, zungusha ile pete ya namba peke yake mpaka 0 ije juu. Sasa zungusha chuma chote pamoja na pete mpaka ikusomee 2. Antiskeiti nayo ipeleke 2. Namba za pete sio za kuapia, kuna vimizani vidogo vya kupimia gramu mpaka desimali mbili, ni vya bei ndogo na ndo kifaa pekee cha ziada nitakachokushawishi ununue.

Na kusafisha sindano, ni brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele, kwa upande ule santuri inavyokwenda, basi. Mi miaka hiyo nilifuta yangu kwa pindo la shati, kwa ubavu, nikasikia kitu kimefanya tik, kale kakijiti kanakobeba almasi kakawa kamekaa kama mguu wa panzi. Sindano ilikuwa na wiki mbili. Sikusema kwa mtu, nilinunua nyingine nikaichomeka usiku.

Umri wa sindano usiupime kwa miaka, upime kwa masaa. Audio-Technica wenyewe kwa sindano ya yai wanatoa masaa kama 300, Ortofon wanafika 1000 ukiitunza vizuri, kwa hiyo chukua tahadhari ya yule mwoga. Upande mmoja wa LP ni kama dakika 20, masaa 300 ni pande 900, ukipiga LP mbili kila siku, pande nne hizo, unafika huko baada ya miezi saba na nusu. Andika tarehe kwenye kiboksi chake.

*Mwanangu fundi, mimi ni mtu mzima, nina santuri nzito za zamani zile zinazovunjika kama sahani ya udongo, zimeandikwa 78. Mjukuu alizipiga kwenye mashine yake mpya zikatoa ukelele wa mchanga, sauti ya mwimbaji iko mbali sana. Je zimekufa? Nizifute kwa spiriti?*
Bibi wa Santuri Nzito

Shikamoo bibi. Spiriti hapana, tafadhali, kama chupa iko karibu iondoe kabisa. Santuri hizo nyingi si za plastiki, ni za sheleki, na sheleki inayeyuka kwenye spiriti, ukifuta tu uso unakuwa wa kijivu na haurudi tena. Tumia maji yaliyochemshwa mvuke, yale yasiyo na chumvi, na tone dogo la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata duara la mfereji, usiache maji yaguse lebo, halafu kausha hapohapo zisikae na maji.

Kuhusu sauti, huenda hazijafa hata kidogo. Mfereji wa 78 ni mpana mara kadhaa kuliko wa LP, LP yenyewe ilikuja mwaka 1948 ikaitwa ya mfereji mwembamba kwa sababu hiyohiyo. Sindano ya mjukuu ni ya LP, imezama mpaka chini kabisa ya mfereji wa 78 ambako kuna vumbi na uchakavu wa miaka yote, kuta zenye muziki haizigusi vizuri, ndo ukelele huo wa mchanga. Mwambie atafute sindano ya 78, kwenye karatasi yake inaandikwa mil 3, mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi, wakati za LP ni chini ya 1. Kama katriji yake ni ya ile familia ya VM95 niliyoieleza hapo juu basi sindano yake ipo, inaitwa SP, inachomekwa hivihivi, ila uzito wa mkono lazima aupange upya kwa kufuata karatasi ya sindano hiyo na akirudi kwenye LP aurudishe. Na ahakikishe mashine ina kasi ya 78, nyingi mpya zinaishia 45. Kile kigramafoni chako cha sindano za chuma, kama bado unacho, kiache kipumzike kwa santuri unazozipenda, sindano ya chuma na kichwa chake kizito vinazila taratibu.

*Fundi mambo. Nimenunua mashine ya mtumba iliyotoka Marekani, ya mkanda, ya miaka ya 70, safi kama mpya. Nimeweka transfoma ya kushusha umeme mpaka volti 110 kama aliyeniuzia alivyosema, inazunguka vizuri haichemki, lakini waimbaji wote wamekuwa na sauti nzito kama wana mafua, wanawake wanaimba kama wanaume. Nimebadilisha mkanda mara mbili. Nini shida?*
Sauti ya Mafua

Poa ndugu. Mkanda hauna kosa, uache. Transfoma inabadilisha volti lakini haibadilishi hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, na Marekani umeme wao ni hezi 60, wako bila shaka ni 50. Mashine nyingi za mkanda za zama zile zina mota inayofuata hezi za ukutani, kwa 50 badala ya 60 inazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake, kwa hiyo 33 yako imekuwa kama 27.8, na muziki wote umeshuka noti tatu hivi za piano ukihesabu na nyeusi. Ndo mafua hayo.

Uhakikishe hivi, bandika kikaratasi ukingoni mwa sahani, washa, shika saa, hesabu mizunguko kwa dakika tatu kamili. Kasi ya 33 na theluthi inatoa mizunguko 100 kamili. Ukipata 83 basi ni hilo na sio lingine.

Dawa ni puli, kile kigurudumu kidogo cha shaba au plastiki kwenye mota kinachobeba mkanda. Watengenezaji wengi walitoa puli mbili kwa mashine hiyohiyo, ya hezi 60 na ya hezi 50, ya 50 ni nene zaidi. Tafuta kwa jina na namba ya mashine yako. Wengine wanazungushia utepe kwenye puli ya zamani mpaka inenepe, nimeiona, inafanya kazi siku mbili halafu inaanza kuyumba, usijisumbue. Mashine za mota ya moja kwa moja nyingi hazina ugonjwa huu, zinajipimia kasi zenyewe, kwa hiyo wengine mnaotazama mitumba ya nje ulizeni kwanza ni ya mkanda au sio, halafu geuza chini usome kibandiko, kikiandika 60Hz peke yake jua umepata kazi.

Na mkiwa hapo kwenye mtumba msiangalie mng'ao. Shusha mkono kwa kile kiwenzo chake cha kunyanyulia uone kama unashuka taratibu au unaanguka. Mwombe muuzaji apige santuri, mwombe apige wimbo wa mwisho wa upande. Sindano ihesabu kama imekufa hata akikuapia, bei ya sindano mpya iwe ndani ya hesabu yako kabla ya kutoa hela.

*Kaka fundi, nimefunga kila kitu kama inavyotakiwa, mashine yangu ni mpya ya katriji ya kubadilisha. Shida mbili. Kuna mlio wa mmmm hata santuri ikiwa imesimama. Na nyimbo za mwanzo za LP ni safi, za mwisho zinapasuka, hasa kwenye herufi s. Ni santuri au ni mimi?*
Mmmm

La kwanza ni waya wa ardhi, ule mwembamba wa peke yake wenye kiuma mwishoni ambao watu huuacha unaning'inia wakidhani ni wa akiba. Ufunge kwenye skrubu ya ardhi nyuma ya ampu au priampu. Ukiufunga mlio ukazidi, ambayo hutokea kwa baadhi ya mashine zilizojiunga na ardhi kwa njia nyingine, uufungue. Haujanyamaza, sogeza mashine mbali na transfoma ya ampu, hata nusu hatua inatosha.

La pili kidogo ni santuri na kidogo ni wewe. Sahani inazunguka kasi ileile ila mfereji wa nje ni duara kubwa na wa ndani ni duara dogo, kule nje sindano inapita kama nusu mita kwa sekunde, huku ndani ni kama sentimita 21, kwa hiyo muziki uleule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Kila santuri ina udhaifu huo. Kupasuka kabisa lakini sio kawaida. Angalia uzito kwanza, kama uko chini ya unaotakiwa upandishe mpaka katikati ya kiwango kilichoandikwa. Halafu katriji itazame kwa mbele, iwe wima, isiinamie upande. Halafu rudi kwa yule ndugu wa mikono inayotetemeka hapo juu, zile nukta mbili, ya milimita 66 ndo iliyo karibu na nyimbo zako za mwisho na mara nyingi kosa linajificha pale. Ukimaliza vyote bado s zinapasuka kwenye santuri moja tu na nyingine ziko safi, hiyo santuri ilishapigwa na sindano mbovu ya mtu mwingine kabla haijafika kwako.